Karafuu Haingoji Jamvi

Karafuu haingoji jamvi. Nimewaambia hivyo kwa kuwa tangu asubuhi mnavika madaftari majalada na kupiga mistari kwa kalamu nyekundu, na mtihani wenyewe kesho kutwa. Mmeuliza maneno haya yametoka wapi. Basi kaeni, maana yana mwenyewe, naye alikuwa jirani yetu hapa hapa Pemba, Mize binti Shaame.

Siku hizo msimu wa karafuu ulikuwa na raha yake, jamani. Shule zinafungwa, watu wanaimba juu ya miti, harufu inakulaki tangu njiani. Mpaka leo nikiisikia harufu ile, moyo wangu hurudi kule.

Mize alikuwa na mikarafuu minane na baba aliyeanza kuchoka miguu, Mzee Shaame. Mwaka ule miti ilibeba mpaka matawi yakainama, na Mize akaweka nia: karafuu zile zimpeleke baba yake Makka angali anaweza kutembea.

Uvivu hakuwa nao hata kidogo. Alfajiri yuko uani. Lakini majamvi yake ya kuanikia yalikuwa yametoboka, akaapa hachumi hata moja mpaka ashone mapya kumi na mawili. Akasuka ukili, ile mikanda ya majani ya kuunga jamvi, akashona, akafagia uwanja, akang'oa majani. Kila jioni yu hoi, na kila jioni anaona siku imekwenda vizuri.

"Mize mwanangu," baba yake akamwambia, "majirani wameshaanza kuchuma. Panda leo."

"Nitaanika wapi, baba? Majamvi bado matano."

"Anika kwenye mkeka wangu wa kulalia."

"Watu wapite waone? Niache nimalize, nikipanda nipande mara moja."

Mzee akajikongoja akarudi ndani. Karafuu huchumwa ingali imefumba. Ikichanua, thamani yake imekwenda. Mize alilijua hilo, nani hapa asiyelijua? Ila jamvi lilikuwa mkononi mwake, na karafuu ziko juu.

Jua likawaka siku nne mfululizo. Siku aliyokata uzi wa jamvi la kumi na mbili, Mize alibeba ngazi huku anaimba. Akapanda, akavuta tawi, likaja na nyuki. Lote limechanua. Akaenda mti wa pili, wa tatu, mpaka wa nane. Alishuka mikono mitupu, akakaa chini akalia.

Baba yake akapitisha kiganja kwenye mishono ya majamvi. "Umeshona vizuri sana," akasema. "Lakini karafuu haingoji jamvi, mwanangu." Hakumkaripia, na hilo ndilo lililomuuma Mize zaidi.

Mwaka uliofuata mikarafuu ilipumzika, kama ilivyo kawaida yake. Kabla haijabeba tena, Mzee Shaame alifariki. Watu wa matanga walijaa ua mzima, na kila mmoja akapata pa kukaa. Walikaa juu ya majamvi yale kumi na mawili.

Msimu uliporudi, Mize alipanda siku ya kwanza. Alianika kwenye mkeka wa marehemu baba yake na kwenye kanga zake mwenyewe, watu wakapita, wakaona. Fedha akampa mtu wa kwenda kumhijia mzee wake.

Haya, iwekeni chini hiyo kalamu nyekundu. Karafuu haingoji jamvi.