Boneti ya Shekalaghe

"Boneti ifungwayo kwa aibu hufunguliwa na moshi."

Ndivyo alivyosema Bi Hidaya alipomwona mjukuu wake Twaha ameingia amejifunga mtandio shavuni, jua linawaka, naye anadai eti anasikia baridi. Vijana wenzake wakacheka. Rukia ndiye aliyeuliza, "Bibi, boneti na shavu vimekutana wapi? Maneno hayo yalitoka wapi?"

Bi Hidaya akasogeza kando ungo wa maharage aliokuwa akipepeta. "Kaeni basi. Na wewe Twaha kaa, jino halizidi kuuma kwa kukaa. Mwanzo wake ulikuwa hivi."

Palikuwa na kijiji kikiitwa Kwembonu, chini kabisa ya milima, si mbali na pale barabara ya Soni na Lushoto inapoanza kupanda. Watu wake walikuwa wema, lakini kwa kucheka, mh! Hawakuwa na mpinzani. Gari la kwanza kufika pale lilikuwa la Mzee Singano, nalo lilikuwa kuukuu. Kila siku liko kando ya njia, boneti iko juu, mwenyewe kaingiza kichwa ndani mpaka mabega. Watoto wakamtungia wimbo: "Singano fungua, Singano funga, injini ina pepo, mganga hajafika!" Mwishowe gari likawa banda la kuku. Tangu hapo watu wa Kwembonu wakashika neno moja tu kuhusu magari: ukiona boneti imefunguliwa, gari limekufa na mwenyewe kaumbuka.

Sasa akaja Shekalaghe na pikapu yake ya buluu. Huyu alikuwa dereva hasa, si wa kubahatisha. Alifundishwa kwenye shamba la mkonge, ambako kila asubuhi madereva walipanga magari mstari mmoja, boneti zote juu, wakapima oili, wakatazama maji ya rejeta yanayopoza injini, wakafuta vichwa vya betri, ndipo wakawasha. Yote hayo aliyajua. Tatizo ni kwamba wimbo wa Singano nao aliujua. Akaapa kwamba boneti yake haitaonekana wazi Kwembonu hata siku moja.

Mwanzoni alifanya ujanja. Asubuhi alitoka peke yake, akajificha na gari katikati ya mikonge, akafungua, akapima, akafunga, kisha akarudi anapiga honi kama bwana harusi. Lakini pikapu ile ilipendwa kupita kiasi. Watoto waliiosha kila siku bila kutumwa mpaka ikang'aa. Huyu anaomba apelekwe sokoni, yule ana mgonjwa, mwingine hana safari yoyote, anataka tu aonekane amekaa mbele. Shekalaghe akakosa mahali pa kujificha. Tena akaoa, na mkewe Mwantumu akaja na mama yake, Bi Mwanjaa, ambaye macho yote mawili yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Haya, niambieni, mwanamume gani atakubali kuumbuka mbele ya mkwe? Hata kama mkwe haoni, si anasikia? Shekalaghe akawa anajiambia, leo acha, nitafungua kesho. Kesho ikija, naye ana maneno yale yale.

Mwantumu alikuwa mdadisi, jicho lake halipitwi na kitu. Aliona kila asubuhi vifaranga vinakimbilia chini ya gari kunywa maji. Akachungulia, akakuta pamelowa, tone linafuata tone. Akaona pia kwamba mumewe siku hizi haliegeshi gari uani, analipeleka pale mteremkoni, na asubuhi haliwashi kwa ufunguo peke yake. Analiachia kwanza liserereke, ndipo linakohoa na kuwaka. Mambo haya yakamkosesha raha.

"Baba," akamwuliza mumewe siku moja, "mbona gari linavuja maji?"

"Halivuji. Linatoka jasho. Kwani wewe hutoki jasho?"

"Mimi nikitoka jasho nakunywa maji. Lenyewe linakunywa lini?"

Shekalaghe akajifanya anatafuta kiatu.

Hazikupita siku nyingi, zikaja habari kwamba kule juu hospitalini wamefika madaktari wa macho, wanapasua mtoto wa jicho, mtu anarudi kuona. Kwembonu walizipata habari zimechelewa, kesho yake ndiyo siku ya mwisho. Baada ya hapo madaktari wanaondoka, na hakuna ajuaye kama watarudi. Mwantumu alikuwa na mimba ya kwanza. Bi Mwanjaa akasema, "Mimi sitaki mengi. Nataka nimwone mjukuu wangu kwa macho, nisiambiwe tu kwamba amefanana na nani." Mwantumu akasema wapande basi la asubuhi. Shekalaghe akang'aka, "Mkwe wangu apande basi, na gari ninalo? Watu watasema nini?"

Wakaondoka. Dirishani alikaa Bi Mwanjaa, katikati Mwantumu, macho yake kwenye vimshale vilivyo mbele ya usukani. Barabara ikaanza kupanda, kona juu ya kona, ukuta wa jiwe huku, korongo huku. Mshale wa joto ulikuwa chini. Ukapanda ukafika kati. Ukapita kati.

"Baba, hiki kimshale kinapanda kwa nini?"

"Kinapanda kwa sababu barabara inapanda."

Kilipofika kwenye alama nyekundu, Mwantumu akafungua mdomo aulize tena. Shekalaghe akavua kofia yake ya kiua, akaifunika mshale. Jamani! Mtu mzima! Kana kwamba moto ukifunikwa kofia unazimika.

Basi wakaenda hivyo mpaka Bi Mwanjaa akanusa, akageuza uso.

"Mkwe, kuna mtu anachemsha maji humu?"

"Hapana, mama. Ni joto la mlima tu."

"Mlima huu nimeupanda tangu utotoni, ni wa baridi. Simama, mkwe."

"Nikisimama hapa, mama, watu wataona. Mbele kidogo kuna mahali pametulia."

Hakufika mahali palipotulia. Palipo na kona kubwa, penye magari mengi na akina mama wanaouza matunda damu, yale mekundu ya milimani, gari lilitoa sauti ya kukoroma, boneti ikaanza kutoa moshi pembeni, mweupe, mzito, ukapanda ukafunika kioo chote. Injini ikazima. Ulikuwa mvuke kwa kweli, lakini nani atasimama kukueleza tofauti? Shekalaghe akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili, hashuki. Jasho linamtoka. Machozi nayo, nadhani, maana Mwantumu alisema baadaye hakujua kipi ni kipi.

Bi Mwanjaa akamwita kwa upole. "Mwanangu. Kati yangu na wewe, nani asiyeona?"

Shekalaghe akainamisha uso kwenye usukani.

"Basi nikwambie. Macho haya hayakufunikwa kwa siku moja. Yalipoanza kufifia nilisema ni vumbi. Nikawa nawatambua watu kwa sauti, nawasalimu kabla hawajanisalimu, wanasema, huyu mama ana macho makali. Niliogopa kuitwa kipofu. Mwantumu, lile kovu la mguuni mwako, uliloambiwa uligonga chungu cha uji? Hukugonga kitu, mwanangu. Nilikumiminia mimi, nikidhani namimina bakulini."

Mwantumu akaushika mguu wake. Tangu utoto alikuwa akijilaumu kwa utundu ule. Akataka kulia, akataka kumkasirikia mama yake, na vyote viwili vikamshinda, akamshika mkono tu.

"Watu wangenicheka wiki moja, wakachoka," akasema Bi Mwanjaa. "Mimi nilificha, nikakosa kuiona harusi ya mwanangu. Shuka, mkwe. Kafungue."

Shekalaghe akashuka. Akafungua boneti, mchana kweupe, barabarani, mbele za watu. Akangoja wimbo.

Wimbo haukuja. Alipoinua macho akaona kona nzima, malori kwa mabasi, yamepanga mstari, na karibu yote boneti ziko juu! Ndiyo desturi ya kona ile: kila anayepanda husimama, akafungua, akaliacha gari lipumue. Dereva mmoja wa lori akamkimbilia anapiga kelele, "We! Usiguse kifuniko cha rejeta! Kitakutoa ngozi ya uso. Liache lipoe kwanza, ndipo ulinyweshe." Mama mmoja wa matunda akamletea ndoo ya maji, akaiweka chini, akasema, "Karibu kaka. Hapa tunamcheka yule anayepita amefunga."

Lakini gari halipoi kwa kubembelezwa, na jua lilikuwa halimngoji mtu. Shekalaghe akatazama injini, akamtazama mkwe wake. Basi la kwenda juu lilikuwa linaondoka. Yeye aliyesema mkwe wake hapandi basi, akakimbia akasimama mbele ya basi hilo, amenyoosha mikono, anapiga kelele, "Gari langu limekufa! Mchukueni mama yangu!" Alilisema mwenyewe, kwa sauti, watu wote wakasikia. Basi likaondoka na Bi Mwanjaa na Mwantumu, yeye akabaki na ndoo yake.

Hospitalini wakakuta muuguzi ameshika mlango anaufunga. Bi Mwanjaa akawa wa mwisho kuingia.

Kesho yake wakamfungua bandeji. Wa kwanza aliyemwona alikuwa Mwantumu. Alimtazama uso, akamtazama tumbo, akashuka mpaka kwenye kovu, hapo akalipapasa kovu lile akalia, na Mwantumu akalia naye. Kisha akainua macho mlangoni, akaona mwanamume amesimama, mikono myeusi kwa oili, kofia imekunjamana, haendi mbele wala nyuma.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, mama."

"Kumbe kijana mzuri hivi! Nilidhani umejaa makunyanzi kwa mawazo. Haya, nipeleke nikalione gari."

Uani mwa hospitali palijaa watu, na baadhi yao ni wa Kwembonu hao hao. Bi Mwanjaa akasimama mbele ya pikapu, akasema, "Fungua boneti nione."

Shekalaghe akafungua. Na bibi yule, aliyekaa gizani muda wote ule, alitaka kujua kila kitu. Hiki nini? Kijiti cha kupimia oili, mama: asubuhi kabla hujawasha, gari likiwa mahali tambarare, unakichomoa, unakifuta, unakichovya tena, oili isimame kati ya alama hizi mbili. Na hiki? Rejeta, huangaliwa ikiwa baridi, na huu mpira wake ndio uliotoboka, nimeweka mwingine. Na hili sanduku? Betri. Ilikuwa imekauka maji, vichwa vyake vimeota unga mweupe, ndiyo maana nilikuwa naliachia gari liserereke mteremkoni. Nimevisafisha, nimeongeza maji yake yenyewe, si ya kisimani.

"Na haya yote ulikuwa unayajua?"

"Nilikuwa nayajua, mama."

Bi Mwanjaa akacheka mpaka akashika kioo cha gari. Ndipo akasema maneno yale mnayoyasikia mpaka leo, akijisema yeye na mkwe wake pamoja. Watu wa Kwembonu waliokuwepo wakarudi nayo nyumbani badala ya wimbo.

Baada ya hapo, kila asubuhi, uani kwake, Shekalaghe alifungua boneti kabla ya kuwasha. Watoto walewale waliokuwa wanaosha gari walipanda juu ya matofali kuchungulia, na mjukuu alipozaliwa, bibi yake alimbeba akamleta achungulie naye. Mama mmoja alikuwa ameficha uvimbe, mwingine alikuwa ameficha kwamba ghala lake ni tupu. Mmoja baada ya mwingine wakaja kwa Bi Mwanjaa wakasema.

Bi Hidaya akavuta ungo wake, akaanza kupepeta kana kwamba hana neno tena.

Twaha akafungua ule mtandio, shavu limevimba kama andazi, akasogea mpaka kwenye mwanga wa mlango, akapanua mdomo. "Ni hili la nyuma, bibi," akasema. "Lilianza zamani."

Bi Hidaya akachungulia, akatikisa kichwa, akamwambia Rukia amletee viatu vyake, wanakwenda zahanati sasa hivi. Walipokuwa wanatoka, Rukia akalisema yeye, polepole, kama mtu anayelipima neno mdomoni: "Boneti ifungwayo kwa aibu hufunguliwa na moshi."