Nyaya Tatu Kwenye Mchanga wa Mhamvu

Hofu hufungua waya, haifungi. Mmeisikia leo mnadani, mama mmoja akimkaripia mwanawe aliyekuwa akihangaika na fahali aliyekata kamba, nanyi mkaniuliza waya umeingiaje kwenye habari za ng'ombe. Kaeni basi. Methali hii ilianzia ndani ya korongo la Mhamvu, na aliyenisimulia ni Mwaluko, mfugaji aliyekuwapo siku ile.

Palikuwa na seremala aliyeitwa Chidumizi. Alikuwa na pikapu kuukuu, ya yale magari ya zamani ambayo plagi zake zote hupata moto kutoka kwenye koili moja, kopo dogo jeusi lililofungwa ubavuni mwa injini. Moto ule hugawiwa plagi na kifaa kiitwacho distribyuta. Kwenye kopo lile zilifika nyaya tatu: mbili nyembamba, na mmoja mnene uliochomekwa katikati. Chidumizi alizijua zote. Alikwisha kuzisafisha mara nyingi uani kwake, huku akipiga mluzi.

Masika moja alikuwa akimrudisha mama yake kutoka hospitali. Bibi yule alivunjika nyonga, akafungwa plasta kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Walimlaza nyuma juu ya godoro, na Elina, mke wa Chidumizi, akakaa naye kumshikilia.

Walipofika Mhamvu korongo lilikuwa kavu kabisa. Jua liliwaka juu yao, lakini kule milimani mbingu ilikuwa nyeusi.

"Baba Sechelela, tusingoje kwanza?" Elina aliuliza.

"Tutakuwa tumeshavuka," Chidumizi akajibu, akateremsha gari mchangani.

Katikati ya korongo gurudumu lilipanda jiwe lililofukiwa. Gari likaruka, injini ikazima. Chidumizi alishuka, akafungua boneti, akaona mara moja: waya mmoja mwembamba umechomoka kwenye koili. Ilikuwa kazi ya kuurudisha tu, kisha waende zao.

Hapo ndipo Mwaluko alipopiga kelele kutoka ukingoni. "Tokeni! Korongo limeshuka! Maji yanakuja!"

Wakatega masikio. Haukuwa mlio wa radi. Ulikuwa mngurumo mzito unaotambaa chini, kama mawe yanayosagwa. Upepo wa baridi ukawapiga usoni, una harufu ya udongo mbichi.

Mwaluko aliteremka mbio kwa njia ya ng'ombe. Yeye na Elina wakajaribu kumwinua bibi, naye akalia kwa uchungu mpaka wakamrudisha godoroni. Hata kama wangembeba, njia ya kupandia ilikuwa mbali, na kwingineko kingo zilikuwa ndefu na zimesimama wima kama ukuta.

"Niacheni," bibi alisema. "Sechelela ana miaka minne. Nendeni kwa mtoto."

Chidumizi aliyasikia maneno yale, na kitu kikakatika ndani yake. Badala ya kurudisha waya ule mmoja, alidhani labda tatizo ni ule mwembamba mwingine, akaung'oa. Akaung'oa na ule mnene. Sasa nyaya zote tatu zilining'inia, na hakujua tena upi ni upi. Akazichomeka ovyo, akakimbilia ufunguo. Stata, mota ya kuwashia injini, ikazunguka, injini isiwake. Akarudi, akazibadilisha. Safari hii injini ilikohoa, ikawaka kinyonge, lakini alipokanyaga mafuta ili gari livute mchanga, ikafa. Akazichomeka tena kwa kubahatisha. Stata yenyewe sasa ilizunguka kwa uzito, maana betri ilianza kuchoka.

Ulimi wa maji ukafika. Ulikuwa mwembamba, wa rangi ya kahawia, umebeba povu na majani makavu. Ukapita chini ya gari taratibu, na nyuma yake mngurumo ukazidi.

Elina aliruka chini, akamshika mumewe viganja vyote viwili, akavibana.

"Niangalie mimi. Usiangalie maji."

"Mama atakufa humu, Elina!"

"Niangalie. Huu waya unatoka wapi?"

Chidumizi akaufuata waya kwa kidole mpaka ulikoanzia. "Kwenye swichi ya ufunguo."

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye... kwenye alama ya kujumlisha."

Elina alifuta grisi juu ya koili kwa pindo la khanga yake. Alama zikaonekana, ya kujumlisha huku na ya kutoa kule. "Funga. Na huu?"

Maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu yao. Mwaluko alikuwa akiomba Mungu kwa sauti.

"Huu unatoka kwenye distribyuta. Unakwenda kwenye kutoa."

"Funga. Na mnene?"

"Katikati. Nao unakwenda katikati ya kofia ya distribyuta."

"Funga, ukaze. Sasa nenda."

Stata ilizunguka mara moja kwa shida, kama mzee anayeinuka kitini, na injini ikanguruma. Elina na Mwaluko walisukuma kutoka nyuma huku maji yakiwapiga magotini. Gari likayumba, likashika changarawe, likapanda njia ya ng'ombe upande wa pili. Walipogeuka, gogo la mkuyu lilikuwa likibingirika mahali pale pale gari lilipokuwa limesimama, na korongo zima lilijaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Hakuna aliyeshangilia. Bibi alilia kimyakimya, amejifunika uso. Chidumizi alikaa chini kwenye matope.

"Ulikuwa huzijui nyaya za gari lako?" Mwaluko alimuuliza.

"Nazijua," alisema. "Hofu ilinifungulia zote tatu, ndugu yangu. Haikunifungia hata mmoja."

Mwaluko aliyapeleka maneno hayo mnadani, watu wakayafupisha, yakasafiri kuliko hata pikapu ile. Na Chidumizi, mpaka anazeeka, hakuwahi kuvuka Mhamvu bila kwanza kusimama ukingoni, ashuke, azishike nyaya moja moja, akizitaja kwa sauti zilikotoka na zinakokwenda, Elina akimsikiliza.

Sasa mnajua waya umeingiaje. Hofu hufungua waya, haifungi.