Mtoto wa Zimwi na Konzi ya Karanga

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Anayetafuna ameze kwanza, ndipo nianze.

Paliondokea msichana akiitwa Mwanamvua. Siku moja alikwenda kuokota kuni, zimwi akamkamata, akamtia pangoni na kuziba mlango kwa jiwe.

"Sikuli," zimwi akasema. "Mke wangu amekufa. Utanilelea mwanangu."

Basi Mwanamvua akawa yaya wa mtoto aliyeota meno ya mbele tu. Kila zimwi alipotoka, jiwe lilirudi mlangoni. Mwanamvua akalisukuma kwa mabega, akalisukuma kwa miguu, akalisukuma huku analia. Halikusogea.

Siku moja zimwi akaleta karanga. "Mpe mtoto!"

"Hana magego, baba. Nizitwange kwanza."

Akaleta bisi. "Mpe!"

"Hana magego, baba. Zitampalia."

"Huyu ni zimwi! Mazimwi hutafuna mifupa!"

"Hata kama. Hana magego."

Basi siku moja zimwi aliingia na furaha zake, akasahau jiwe. Akamrusha mtoto juu, mtoto akacheka, naye akamtia konzi ya karanga mdomoni. Kicheko kikakatika. Mtoto hakulia, hakukohoa, hakupumua.

"Mwanangu! Mwanangu! Mwanangu!" Zimwi akazunguka pangoni, hajui la kufanya.

Mwanamvua akatazama mlango. Uko wazi! Akatoka mbio, jua likampiga usoni, akaiona njia ya kwao. Lakini akamkumbuka mtoto asiyepumua. Akarudi ndani.

Akamlaza mtoto kifudifudi pajani, kichwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega. Pu! Pu! Pu! Karanga ikaruka, mtoto akaangua kilio.

Zimwi akasimama mlangoni, akauziba kwa mwili wake. "Sasa sikuachi kamwe. Nani atamlinda?"

"Wewe, baba yake," Mwanamvua akasema. "Twanga karanga mpaka zilainike. Nzima asipewe mpaka apite miaka minne, na magego yawe yameota. Hata hapo ale amekaa, hachezi, nawe uko karibu."

Zimwi akamtazama mwanawe. Kisha akasogea pembeni.

Mwanamvua hakuaga. Alikimbia mpaka akamwona mama yake uani, akamwangukia kifuani.

Hadithi yangu imekoma hapo. Nanyi wenye wadogo zenu, msiwape karanga wala bisi kabla hawajaweza kuzitafuna, hata wakililia.