Bi Pimbi na Bei ya Bila Risiti

Hapo zamani za kale, ila si kale sana wanangu, maana simu zilikuwepo, aliishi mjane mmoja, Bi Pimbi, na watoto wake katika pango la mwamba ulio juu ya mto. Mwamba ulikuwa mali ya Kiboko. Pango lilikuwa kavu, mlango wake mwembamba, chui hapenyi, na Bi Pimbi alilipenda kuliko kitu chochote duniani.

Aliuza asali mtandaoni. Asubuhi anapiga picha madumu yake, anazirusha, na kabla chai haijachemka simu inalia, ting'! ting'! Mteja wake mkubwa alikuwa huyo huyo Kiboko, mwenye hoteli kule mtoni.

"Bi Pimbi! Niletee asali!" Kiboko akanguruma simuni. "Bei gani?"

"Na risiti au bila risiti, mzee?"

"Wee! Risiti inashibisha? Bila! Hiyo kodi nipunguzie."

"Lakini mzee, wewe ni mfanyabiashara. Korongo wa kodi akija, kama huna risiti atahesabu hukununua kitu, na yote uliyouza ni faida. Utalipa mpaka ukome."

"Korongo? Na vile vimiguu vyake? Atanifanya nini! Au umechoka kukaa kwenye mwamba wangu?"

Bi Pimbi akayapakia madumu. Akauza bila risiti mwezi huo, na uliofuata, mpaka mwaka ukaisha. Alijua ni makosa, na kila dumu lililotoka lilimuuma rohoni.

Siku moja, puu! puu! puu! Kiboko huyo mlangoni, jasho linamchuruzika.

"Korongo anakuja kesho! Nitolee risiti za mwaka mzima, sasa hivi! La sivyo wewe na vitoto vyako mtalala nje."

"Lakini mzee, mashine ya risiti huweka tare..."

"Usinifundishe kazi!"

Bi Pimbi akayameza maneno yaliyobaki, na wallahi yalikuwa matamu. Alitaka kumwambia kwamba mashine hujiwekea tarehe yenyewe, ya siku ile ile, haijui jana wala juzi.

"Haya mzee wangu, kama ulivyoamuru."

Krrr! krrr! Risiti zikatoka. Kiboko akazikwapua bila kuzitazama. Kusoma, kwake yeye, ilikuwa kazi ya wanyama wadogo.

Kesho yake wanyama wakajaa hotelini, Bi Pimbi akiwa mbele. Korongo akazipekua risiti kwa mdomo wake mrefu.

"Bwana Kiboko, hizi zote ni za jana. Asali yote hii umeinunua jana?"

Kiboko akababaika. "N-naam! Jana!"

"Iko wapi?"

Ghala lilikuwa tupu. "Nime... nimeinywa."

"Yote? Kwa usiku mmoja?"

"Nilikuwa na kiu!"

Kwa kwa kwa! Wanyama wakaangua kicheko. Bi Pimbi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Dharau za mwaka mzima alizicheka siku ile.

Korongo hakucheka. "Umemdanganya Mfalme Simba, mwenye kodi. Hoteli itapigwa mnada. Na mwamba pia."

Kicheko cha Bi Pimbi kikakatika. "Mwamba? Bwana Korongo, pale ni nyumbani kwangu!"

"Ni mali ya mdaiwa, mama. Na wewe, asali ya risiti hizi uliiuza lini hasa?"

Hakungoja jibu. Akachukua madumu yote ya Bi Pimbi kuwa faini, akaenda zake.

Mwamba akaununua Fisi. Hata siku haijaisha, simu ikalia, ting'!

"Bi Pimbi, mwenye mwamba sasa ni mimi. Nafungua hoteli. Nasikia asali yako nzuri. Bila risiti utaniuzia bei gani? Au nawe umechoka kukaa kwenye mwamba wangu?"

Bi Pimbi akalitazama pango lake kavu, akawatazama wanawe. Akakata simu, akaanza kufunga virago huku analia.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Sijui, mwanangu. Beba mkeka."

Nami nawaachia hadithi hapo hapo, mlangoni pa pango tupu: ukikubali uovu wa mkubwa ili asikufukuze, utafukuzwa tu, na mzigo wa uovu utaubeba.