Koti la Mganga Lwitiko

“Ufunguo wa wengi haukai mfuko mmoja.” Mmeisikia leo kikaoni, mkaanza kuulizana imetoka wapi. Haya, vuteni viti. Methali hii ilianza hivi, na wala haikuanza kwa raha.

Kwenye kituo kimoja cha afya huko milimani kwenye mvua na migomba, alikuwapo muuguzi mkunga aitwaye Tumpe. Kazi aliiweza. Aliyemshinda ni mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, Lwitiko, na kilichomkera zaidi ni kwamba Lwitiko hakuwa mwizi. Hapo ndipo penye taabu! Bosi mwizi unamshitaki. Bosi mwaminifu asiyesikia la mtu, utamshitaki kwa kosa gani?

Kabla yake, dawa za kituo zilikuwa zikionekana gulioni kuliko wodini. Lwitiko alipofika alinunua kufuli zito, akafunga stoo, akatia ufunguo kwenye mfuko wa koti lake. Wizi ukakoma. Kamati ya afya ya kijiji ikampigia makofi, na mwenyekiti wake, Bi Gwantwa, akampa jogoo. Makofi hayo ndiyo yaliyomharibu. Akaongeza ufunguo wa kabati la glovu, akaongeza wa jenereta, na mwishowe, jamani, hata wa choo cha wafanyakazi! Koti likainama upande mmoja. Kila asubuhi alifungua stoo, akagawa dawa za siku hiyo, akafunga. Ukiishiwa glovu mchana, mtafute Lwitiko. Yuko msibani? Subiri wazike.

Tumpe alimwendea mara tatu.

“Mganga, tuchonge ufunguo wa pili, ukae chumba cha kujifungulia.”

“Ufunguo wa pili ndio mlango wa mwizi,” Lwitiko alijibu, mara zote tatu, kwa maneno yale yale. “Na atakayegusa kufuli hili bila mimi, kazi basi.”

Tumpe alikuwa na watoto wawili shuleni na mama mgonjwa nyumbani. Akarudi wodini.

Ikafika Jumatano moja. Lwitiko aliondoka na basi la alfajiri kwenda wilayani, semina ya siku mbili. Semina ya nini? Ya uongozi bora. Ndiyo, chekeni. Akaondoka na koti, na koti likaondoka na funguo, na kwa haraka ya basi hakugawa hata kichupa kimoja.

Saa nne asubuhi akaletwa Sekela, mimba ya tatu. Mtoto akatoka salama, akalia vizuri. Kondo likatoka. Damu ikakataa kukatika. Tumpe akakanda tumbo, akakanda tena, shuka likalowa, la pili likalowa. Sindano ya kuzuia damu ilikuwapo, tena ya kutosha, hatua ishirini kutoka pale, nyuma ya kufuli. Akamwachia mhudumu akande, akapiga simu kwa Lwitiko. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Huko kwenye semina waliambiwa wazime simu ili wasikilize vizuri.

“Dada Tumpe,” Sekela alisema kwa sauti ndogo, “mbona naona giza?”

Tumpe alitoka mbio hadi kwa mlinzi, Mzee Ambokile.

“Baba, lete mtaimbo. Vunja stoo.”

“Mwanangu, tutafukuzwa.”

“Tufukuzwe! Mimi nimechoka. Nimechoka na kufuli, nimechoka na koti, nimechoka kuomba dawa kama naomba chumvi kwa jirani! Vunja, baba!”

Mzee akavunja. Tumpe akachukua vichupa vinne, kisha akabandika plasta mlangoni akaandika: *Nimevunja mimi, Tumpe. Vichupa vinne. Sekela anavuja damu.* Akamwambia mzee, “Kaa hapa. Asiingie mtu.” Akakimbia wodini.

Damu ilikatika kabla ya adhuhuri. Sekela aliishi, ila alikaa siku nyingi hawezi hata kumbeba mwanawe.

Lwitiko alirudi Ijumaa. Alipoona kufuli chini, hakuuliza hali ya mgonjwa. Aliita kamati, akadai Tumpe afukuzwe siku hiyo hiyo. Tumpe alisimama mbele yao akiwa ameshafunga vitu vyake kwenye kanga.

Bi Gwantwa aliomba kwanza stoo ihesabiwe. Lwitiko akahesabu mwenyewe, boksi kwa boksi, akarudia friji la sindano mara mbili.

“Kimepungua nini, mganga?”

“Vichupa vinne.”

“Vile vilivyoandikwa mlangoni?”

“Vile vile.”

“Mlango umekaa wazi siku mbili. Nani alilinda?”

“Mimi,” Mzee Ambokile alisema. “Hata ugali nimeletewa hapa hapa.”

Bi Gwantwa akamgeukia Lwitiko. “Basi tuambie, baba. Hilo kufuli lako lilikuwa linamzuia nani? Maana wezi walishaondoka. Waliobaki ni hawa.”

Lwitiko alimtazama Tumpe, akatazama kile kifurushi cha kanga.

“Nilidhani mwaminifu ni mimi peke yangu,” alisema.

“Makofi tulipiga sisi,” Bi Gwantwa alisema. “Tulikushangilia kwa kufunga, hatukukuuliza utafungua lini. Kosa letu pia. Lakini shika hili: ufunguo wa wengi haukai mfuko mmoja.”

Lwitiko akatoa funguo zote, akaziweka mezani. Akanunua kufuli jipya la stoo, ufunguo wake akaenda nao kwa fundi, ukachongwa mwingine. Wa pili aliupeleka mwenyewe chumba cha kujifungulia, akautundika kwenye msumari, na chini yake daftari la kuandika kilichochukuliwa. Kwenye kitanda cha karibu Sekela alikuwa amelala na mwanawe ubavuni. Alimwuliza mganga kile ni nini.

“Ni ufunguo wako,” Lwitiko alimjibu. “Ulichelewa kukufikia.”

Sasa ninyi mnaoanza kupewa vyeo na funguo, msikilize vizuri na simu zenu zikiwa wazi: ufunguo wa wengi haukai mfuko mmoja.