Jino la Kateri na Uji Uliopoa

Jino likija, uji hungoja. Mmeisikia leo mazoezini, mwalimu wa kwaya alipowatuliza mliokuwa mkimsukuma mwenzenu mgeni aimbe peke yake, na njia nzima mmekuwa mkiulizana ni jino gani na uji gani. Sogeeni basi, maana methali hii ilianza na mtoto aliyegoma kula.

Huko milima ya Upare, katika kijiji ambacho ukungu hauondoki mapema, aliishi Namkunda na mumewe Mrutu na mtoto wao wa kwanza, Kateri. Kateri alikuwa mlaji. Akisikia tu mwiko unagonga chungu, anapiga makofi. Majirani walisema kitoto kile kitamaliza shamba la mahindi kabla hakijajua kutembea.

Kisha siku moja akafunga mdomo. Namkunda akaleta kijiko, Kateri akageuza shingo. Akaleta kingine, kikatemwa. Ziwa alinyonya, ingawa kwa kuachia na kulia, lakini uji hakutaka hata kuuona. Mate yalimchuruzika mpaka kifuani, na kila alichokishika alikitafuna: ncha ya kanga, kidole cha baba yake, sikio la mbuzi aliyesogea vibaya.

Watu wa baridi ile waliamini kwamba uji ni uji ukiwa wa moto. Uliopoa, walisema, hupeleka baridi kifuani. Basi kila alipokataliwa, Namkunda aliurudisha uji mekoni akaupasha, na mtoto akazidi kulia. Akatia maziwa, akatia karanga, akasaga ulezi mpya. Wapi.

Kilichomtisha zaidi ni desturi. Mtoto wa kwanza akikataa chakula cha mama yake, alihamishiwa jikoni kwa bibi yake mzaa baba, na mama akawa anakwenda kunyonyesha kama mgeni. Bibi huyo, Mama Mrutu, alikaa ng'ambo ya bonde, na mtoto aliyevushwa bonde lile hakurudi upesi.

Habari ikavuka. Asubuhi moja Mama Mrutu akafika, mbeleko begani, chungu cha uji kichwani, kimefungwa kwa majani ya mgomba kisipoe.

"Hodi. Mume wangu Kateri yuko wapi? Nasikia siku hizi mnamlisha chokaa."

"Karibu, mama. Ni uji ule ule."

"Nimelea saba. Hakuna aliyenitemea."

Akachota uji wake akautia katika bakuli la bati, mvuke ukifuka, akampa mtoto. Kateri akaupokea, kisha akamrudishia bibi yake wote, usoni. Mrutu, aliyekuwa akinoa jembe kizingitini, akainama kukagua makali.

"Sasa umempata wa kukutemea, mama," akasema.

Mama Mrutu akajifuta, akaweka bakuli mkekani. "Nifungieni mtoto mgongoni. Naondoka naye."

Namkunda hakuwahi kumjibu mama mkwe wake. Siku hiyo aliketi katikati ya mlango. "Utanisamehe, mama. Kama amekataa wangu na amekataa wako, kasoro si jiko."

"Ni nini basi?"

"Sijui. Kuna kitu kinamuuma, na akivuka bonde kitavuka naye."

Wakabishana hapo hapo, kwa adabu lakini bila kupunguziana, juu ya ulezi, juu ya kuni, juu ya Mrutu alivyokuwa akila utotoni. Hakuna aliyeukumbuka uji. Baridi ikaumaliza mvuke wake wote.

Namkunda ndiye aliyesikia kwanza. Ti. Kimya. Ti, ti.

Akageuka. Kateri alikuwa amejikokota hadi kwenye bakuli, amelikumbatia, anatafuna ukingo wake wa bati baridi, na kila akitafuna, uji uliopoa unamwingia kinywani. Anameza. Uji umemfika masikioni, naye anacheka.

Namkunda akapitisha kidole juu ya ufizi wa chini. Kitu kama punje ya mtama kikamkwaruza. Kicheko na machozi vikamjia pamoja.

"Jino, mama."

Mama Mrutu naye akapapasa, akang'atwa. Akaligusa lile bakuli la baridi. "Ufizi unawaka," akasema polepole, "na sisi tunampelekea moto. Mwache, mwanangu. Uji upoe, naye aje mwenyewe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kateri alikula kidogo kidogo, uliopoa, kwa saa aliyoitaka mwenyewe, mpaka ufizi ulipotulia na makofi yakarudi.

Siku ile bibi alirudi kwake mgongo mtupu. Kila nyumba aliyoipita walimwuliza, "Mtoto yuko wapi? Si ulimfuata?" Naye kila nyumba aliijibu kwa maneno yale yale, akitabasamu bila kusimama, hata jua lilipozama bonde zima lilikuwa linayajua:

"Jino likija, uji hungoja."