Hodi Mlangoni pa Choo cha Sultani Badi

Hapo zamani, enzi ambazo wafalme walikuwa wengi kuliko vyoo, palikuwa na mji ukiitwa Ngojani, na mfalme wake akiitwa Sultani Badi. Na katika mji huo alikuwako maskini mmoja, jina lake Heri, ambaye watu walimwongezea jina la Makombo, kwa kuwa riziki yake ilikuwa nyuma ya jiko la Sultani, akila kilichobakia wakubwa wakishashiba. Yeye mwenyewe hakuona haya. Alikuwa akisema, "Heri makombo kuliko hotuba," na watu wakicheka, maana hotuba ndizo walizokuwa wakishibishwa kila siku.

Basi watu wa Ngojani walikuwa na desturi waliyorithi kwa wazee wao, ya kumchagua Waziri wa mji wao wenyewe, kila mtu akitia kokoto lake kapuni siku ya Ijumaa. Desturi ilikuwa njema, lakini makapu yalikuwa mawili tu, moja la Bwana Lali na moja la shemeji yake. Akichoka Lali huingia shemeji, akichoka shemeji hurudi Lali, na watu wakawa kama mtoto anayeulizwa achapwe kwa mkono wa kulia au wa kushoto.

Ikawa kisima cha mji kilibomoka, kuta zikaangukia ndani, na wanawake wakawa wanateka tope. Wakaenda jumbani kwa Sultani wakapiga hodi. Bawabu akawajibu kwa maneno ya desturi ya jumba lile, ambayo hayakuzidi wala kupungua: "Shauri lenu limepokelewa, linatazamwa. Ngojeni." Wakangoja. Wakarudi, wakapiga hodi, wakajibiwa vilevile. Watoto waliozaliwa mwaka kilipobomoka kisima wakaota meno, wakang'oka meno, wakaota mengine, na shauri lingali likitazamwa.

Ndipo akatokea mpasua kuni mmoja, jina lake Chande, shoka begani na sauti ya kuamsha wafu. Akasimama sokoni akasema, "Enyi watu wa Ngojani! Mmepiga hodi mpaka vidole vimeota sugu. Mimi sijui hodi! Nileteeni kapu langu la tatu, mnichague mimi, na mlango wa jumba lile nitaupasua!" Soko zima likaripuka kwa vigelegele. Hakuna aliyemwuliza akishaupasua atafanya nini, na sidhani kama hata yeye alikuwa amejiuliza.

Heri Makombo alimjua Chande vizuri. Aliwahi kumwita amtilie mlango kwenye banda la kuku, na Chande akalipasua banda zima, na wale kuku hawajulikani walikokwenda hadi leo. Kwa hiyo alipomkuta mkewe, Mize, mbele kabisa ya watu, akipiga vigelegele kuliko wote, moyo ulimuuma.

"Mke wangu," alimwambia walipofika nyumbani, "umelisahau banda letu?"

"Sijalisahau."

"Basi yule unamdhania atajenga kisima?"

"Chande? Chande hawezi kujenga hata kichuguu." Mize akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mume wangu, nimepiga hodi mimi. Nimejifunga ushungi wangu mzuri, nimesema 'ewe Bwana wetu', nimeinama mpaka kiuno kikaniuma. Hawakunisikia. Basi na wasikie kishindo. Sitaki makubwa, nataka wageuze shingo tu."

 Heri aliona mkewe ana hoja, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Habari za kapu la tatu zikafika jumbani, na Sultani Badi akaghadhibika ghadhabu kubwa. Waziri Lali akapiga goti akasema, "Ewe Bwana, usijisumbue. Watu hawa wamerukwa na akili, na sheria yasema kokoto la mwendawazimu halihesabiwi. Tuwatie ngomeni wote waliompigia vigelegele Chande, wafungwe pingu, watibiwe. Ijumaa watachagua wenye akili."

"Na wenye akili ni nani?"

"Ni mimi, Bwana, na shemeji yangu, na jamaa zetu."

Sultani akaliona shauri zuri. Jioni ileile askari wakaanza kukamata, na Mize akawa wa kwanza, kwa kuwa vigelegele vyake vilisikika mbali. Chande mwenyewe hawakumgusa, maana alikuwa na shoka.

Heri aliposikia, alikwenda mbio jumbani, na hakupiga hodi. Alipita jikoni, njia aliyoizoea, akatokea barazani akaanguka miguuni pa Sultani. Safari hii hakutania, yeye ambaye watu hawakupata kumwona ila akifanya mzaha.

"Ewe Bwana wangu, mke wangu si mwendawazimu. Ana hasira tu. Hasira na wazimu ni ndugu wa baba mmoja, lakini mama mbalimbali."

"Nyamaza!" akasema Sultani. "Mtu mwenye akili timamu hawezi kumwita mtu wa shoka nyumbani mwake."

"Wako wanaoweza, Bwana."

"Wako? Haya, niletee mmoja. Mmoja tu! Awe ameshiba, awe msomi, awe wa ukoo bora, na akili yake iwe akili ambayo mimi mwenyewe siwezi kuitilia shaka. Amwite Chande kwa kinywa chake na kwa hiari yake, mbele ya mashahidi, kabla ya adhana ya adhuhuri ya Ijumaa. Ukimleta, mkeo na wenzake wako huru. Usipomleta, pingu yako naiona ile pale."

Wakubwa wote wakacheka wakipigana mabega, kwa kuwa walioshiba na kusoma na kutoka katika koo bora mjini Ngojani walikuwa ni wao hao waliokaa pale.

Heri akafikiri kidogo, akisha akasema, "Nimekubali, Bwana. Ila naomba kazi ya ubawabu, mlango mmoja tu, hadi siku hiyo."

"Mlango gani?"

"Mlango ule ambao hata mfalme huuendea kwa miguu yake mwenyewe, hatumi mtu."

Sultani alicheka mpaka kilemba kikalegea. Maana upande wote wa wanaume katika jumba lile palikuwa na choo kimoja, nacho kilikuwa cha Sultani peke yake. Mlango wake ulikuwa wa msaji, umepigwa misumari ya shaba, na komeo lake kwa ndani lilikuwa nene kama paja la mtu. Wengine wote, Waziri akiwamo, walikwenda kichakani.

"Chukua!" akasema Sultani. "Kazi imepata mwenyewe. Lakini uulinde kwa desturi ya jumba langu, neno kwa neno. Usizidishe, usipunguze. Atakayebadili desturi ya jumba langu nitamkata kichwa."

"Nimesikia na nimetii," akasema Heri. "Nanyi mabwana mmesikia."

Sasa kuna jambo lazima ulijue. Asubuhi ya kila Ijumaa ya kuchagua, Sultani alifanya karamu ya pilau na mchuzi wa kaa, na katikati ya karamu huwekwa mtungi wa maji ya ukwaju, matamu, mazito, na yeye huyapenda kuliko kitu chochote. Heri alikuwa amekula makombo ya karamu hiyo tangu ujana wake. Na mla makombo huyajua matumbo ya wakubwa kuliko mganga wao, kwa kuwa yanayowapata wao saa hii humpata yeye baadaye kidogo.

Ijumaa ikafika. Sultani akala, akanywa ukwaju, akajaziwa, akanywa tena. Uwanja wa nje ulikuwa umefurika watu waliokosa kukamatwa, na Chande akiwa juu ya pipa anawahubiria. Mara Sultani akanyamaza katikati ya neno. Akainuka kwa heshima, akaaga kwa heshima, akatembea kwa heshima. Alipofika ukumbini heshima ikapungua na mwendo ukaongezeka. Akaushika mlango, akaukuta umetiwa komeo kwa ndani.

"Hodi!"

Sauti ya Heri ikatoka ndani, tulivu kabisa: "Shauri lako limepokelewa, linatazamwa. Ngoja."

"Heri! Ni mimi, Sultani!"

"Shauri lako limepokelewa, linatazamwa. Ngoja."

"Fungua, mwanaharamu we! Nitakukata kichwa!"

"Shauri lako limepokelewa," ikasema sauti, na huko ndani mwenyewe alikuwa akilowa jasho, akimkumbuka Mize na pingu zake, "linatazamwa. Ngoja."

Sultani akapishanisha miguu. Askari wakaja na mikuki, wa kwanza akapiga, mkuki ukavunjika. Akaja Waziri Lali, akautazama mlango juu na chini, akasema, "Ewe Bwana, jambo hili ni zito, halitaki pupa. Rai yangu, tuteue wazee watatu walichunguze."

"Wachunguze nini?"

"Chanzo cha mlango kufungwa."

"Mimi naona wazee watano," akasema shemeji yake.

Sultani akawatazama wale wawili, jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu awajue akawaona. Akafikiri habari ya kichaka, akakumbuka kuwa njia ya kichakani hupita uwanjani, na uwanjani ndiko kulikojaa mji mzima. Na wakati huohuo sauti ikaingia dirishani kama neema: "Mimi sijui hodi!"

Sultani akaruka mpaka dirishani akapaza sauti, na uwanja mzima ukamsikia, na kadhi akamsikia, na wazee wa baraza wakamsikia:

"Chande! Ewe Chande wa shoka! Njoo, ndugu yangu! Njoo uupasue mlango!"

Chande akaja mbio, uso unamng'aa. Heri akajibanza pembeni. Shoka la kwanza likapasua ubao, la pili likang'oa bawaba, la tatu likaangusha mlango wote. Watu wakasema, "Basi." Chande akaendelea. Akaupasua mwimo, akalivunja pipa la maji ya kutawadhia, akatoka ukumbini akaanza nguzo. "Basi, bwana, basi!" wakampigia kelele. "Mmeniita nipasue, napasua!" akajibu, na hakuacha mpaka askari wanne walipomkalia.

Sultani hakuyaona hayo. Alikuwa ameruka vipande vya mbao ameingia, na tundu la mlango liko wazi kama kinywa cha mwenye kupiga mwayo. Wakubwa wote wakageukia ukutani. Kadhi akajifunika uso kwa ncha ya kilemba.

Heri akatoka, akasimama kando ya tundu lile, akalipa mgongo kama adabu inavyotaka, akaita, "Hodi!"

"Kuna mtu! Kuna mtu!" akajibu Sultani papo hapo.

"Alhamdulillahi," akasema Heri. "Leo hodi ya kwanza imejibiwa. Ewe Bwana, nimekuletea yule mtu. Ameshiba, na ushahidi wa kushiba kwake sote tunausikia. Ni msomi, ni wa ukoo bora. Amemwita Chande kwa kinywa chake, kadhi ni shahidi, na adhana bado. Akili yake mimi siitilii shaka. Ikiwa Bwana anaitilia shaka, na aseme."

Zikajibu kwanza sauti ambazo si adabu kuzieleza. Kisha kicheko kikaanza mle ndani, kidogo kidogo, kikakua, mpaka ukuta ukarudisha mwangwi.

"Heri," akasema Sultani alipopata pumzi, "hiyo iliyoanguka ni nguzo yangu?"

"Ni nguzo yako, Bwana."

"Nilijua atavunja kitu. Nilimwita nikijua."

"Basi na Mize alijua," akasema Heri.

 Sultani akasema, "Wafungueni wote. Sasa hivi. Na uchaguzi na ungoje, tusije tukachagua kwa matumbo. Haya, mwiteni na fundi aje anitilie mlango."

Heri akainama. "Shauri lako limepokelewa, Bwana..."

"Heri!"

"...linatazamwa. Ila liko lililotangulia."

Wakubwa wakashika vichwa. Lakini Sultani alikuwa amekaa mahali ambapo mtu hawezi kujidai, akaguna, akaamuru mafundi wote waende kwanza kisimani, na mlango usiguswe mpaka kisima kiishe. Na hakikupata kujengwa kitu upesi namna ile katika mji wa Ngojani. Kila asubuhi Sultani mwenyewe alituma mtu kuwauliza mafundi wamefika wapi, na kila jioni alituma mwingine. Kisima kikaisha, maji yakatoka matamu, ndipo choo kikatiwa mlango. Komeo halikutiwa, kwa amri ya mwenyewe. Na Heri akavikwa joho, akapewa ubawabu wa mlango mkubwa wa jumba, ingawa makombo hakuyaacha, maana alisema tumbo lake limeshazoea.

Uchaguzi ukafanywa kwa makapu matatu. Chande alishindwa kwa kiganja kimoja tu cha makokoto. Akashinda shemeji yake Lali, na mara hii aliingia kazini kwa hadhari, akiwa na shimo la nguzo mbele yake kila siku. Wengine walisema ni maji ya kisima yaliyomshinda Chande, wengine wakasema ni ile nguzo.

Usiku ule Heri alimwuliza mkewe, kwa sauti ya chini na kwa mapenzi, kokoto lake alilitia kapu gani.

Mize akamtazama, akamwandalia maji safi ya kunawa, akasema, "Shauri lako limepokelewa, mume wangu. Linatazamwa. Ngoja."

Na Heri bado anangoja. Nami nangoja naye, kwa hiyo usiniulize mimi.